Paka wangu anaua ndege wa uani na njiwa wa jirani: nina dhambi?

SWALI: Assalaamu alaykum, Sheikh. Nina paka jike, alikuja mwenyewe mlangoni akiwa mdogo, nikamlea. Sasa amekuwa mwindaji. Wiki hii kamuua chozi aliyejenga kwenye mkomamanga wetu uani. Ndani ya kiota mna makinda mawili, na dume bado anakuja kuwalisha. Jirani naye anafuga njiwa. Alishaniambia mara mbili kuwa paka kamla njiwa wake, na juzi kamla wa tatu, sasa anataka alipwe. Mume wangu anasema tumtie kwenye gunia tukamwache sokoni, penye samaki. Jamaa yetu kashauri nimvishe kengele. Nifanye nini? Nampenda, lakini roho inaniuma nikimwona yule dume anavyohangaika. (Dada kutoka Unguja)

JIBU: Waalaykumu ssalaam warahmatullahi wabarakatuh. Dada yangu, kuumwa roho kwa ajili ya ndege asiyejaza kiganja ni rehema Allah aliyoitia moyoni mwako. Usiione kuwa ni udhaifu.

Paka mwenyewe hana lawama, kalamu haimwandikii. Mtume (s.a.w.) alipotupa khabari ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka, katika Hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, alisema kuwa mwanamke yule alimfunga, hakumlisha, wala hakumwacha ajilie wadudu wa ardhini. Yaangalie hayo maneno ya mwisho. Kuwinda kwa paka kumetajwa hapo kuwa ni riziki yake. Kwa hiyo panya, mende na mijusi kafiri anaokuletea kizingitini wasikutie wasiwasi.

Ila wewe kalamu inakuandikia. Wengi wetu tunaishika Hadithi isemayo kuwa jeraha la mnyama halina fidia, tukaishia hapo, kisha tukawaambia majirani zetu, "Paka ni paka." Imam Nawawi katika Minhaj, kitabu kinachotegemewa sana katika madhehebu yetu ya Shafi, amelieleza jambo hili waziwazi: paka akiharibu ndege au chakula, na tabia yake hiyo imeshajulikana, mwenyewe atalipa, iwe usiku au mchana, kwa kauli iliyo sahihi zaidi. Ikiwa haijajulikana, halipi. Na wafafanuzi wakabainisha kuwa anayempa paka makazi ndiye anayebeba jukumu hilo. Basi usiseme kuwa alikuja mwenyewe. Analala kwako, anakula kwako.

Njiwa wa kwanza, kwa hivyo, huna deni naye. Wa tatu mlipe jirani thamani yake, kwani ulishaambiwa na hukumzuia paka. Huyo wa pili ningependa umlipie pia, hata kama mtabishana juu ya wajibu wake. Peleka pesa kwa mkono wako mwenyewe na umwombe radhi. Haki ya jirani ni nzito.

Chozi hana mwenyewe wa kulipwa, na hapo ndipo watu huona hakuna kesi. Abu Dawud amepokea kwa Ibn Mas'ud (r.a.) kuwa walikuwa safarini na Mtume (s.a.w.), wakamwona ndege mdogo mwenye makinda mawili, wakayachukua makinda. Mama akaja akawa anatandaza mbawa zake karibu yao. Mtume aliporudi akauliza: "Nani aliyemhuzunisha huyu kwa wanawe? Mrudishieni wanawe." Ndege yule naye hakuwa mali ya mtu, dada yangu, na makinda yalikuwa mawili kama hayo ya kwako. Umewahi kukitazama kiota cha chozi kwa karibu? Ni kifuko kinachoning'inia, majani makavu na nyuzinyuzi zilizoshikwa kwa utando wa buibui, mlango ubavuni. Kwa paka aliyepanda tawi, ni kiasi cha kunyoosha mkono tu.

La gunia liacheni kabisa. Paka aliyezoea bakuli la nyumbani, kumtupa sokoni kati ya paka wageni wanaomkimbiza ni kumtia katika njaa, na tumeshaona mwisho wa aliyemnyima paka chakula.

Kengele nayo usiivishe. Amepokea Muslim kuwa Malaika hawafuatani na msafara wenye mbwa wala kengele, na Nawawi amesema karaha yake si ya kufikia haramu. Sikwambii ni dhambi, bali ni makuruhu, na faida yenyewe haina uhakika. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, walifuatilia paka 355 na kutangaza matokeo mwaka 2021. Kwenye kengele hawakuona tofauti ya maana. Kilichosaidia ni chakula chenye nyama nyingi, mawindo yalipungua kwa 36%, na kucheza na paka dakika 5 hadi 10 kwa siku, yakapungua kwa 25%. Hapo kwenu vichwa vya samaki na dagaa havikosekani. Funga kitambaa kwenye kamba, mkimbizane naye jioni.

Na kumfungia ndani inafaa. Ibn Hajar, alipoisherehesha Hadithi ya yule mwanamke, alisema inajuzu kumfuga paka na kumfunga maadamu hapuuzwi kulishwa na kunyweshwa. Mfungie kila siku kuanzia magharibi mpaka jua lipande, kwani alfajiri ndege wanashuka chini kutafuta chakula. Mwambie jirani naye afunge tundu la njiwa usiku.

Ila kwa sasa, muda wote makinda yale yamo kiotani, mweke ndani usiku na mchana, maji na chakula pembeni yake, na boksi la mchanga. Ni wiki mbili hivi. Mfungie leo, kabla dume hajaanza kuukwepa uwa wenu.

Na Allah ndiye Ajuaye zaidi.