Akikwambia Twende Stesheni, Mwambie Twende

Juzi kijana mmoja wa Bamburi kaniandikia. Kasimamishwa na trafiki, afande kafungua mlango kaingia kiti cha mbele kama abiria, kamuuliza "sasa tutasaidiana vipi", kijana katoa elfu mbili. Sasa aniuliza, Bi mkubwa, nlikuwa na haki gani pale? Swali hili naletewa sana tangu watu wasikie nimeshinda kesi yangu, na kushinda nimeshinda, wallahi, bila wakili.

Kesi yenyewe ilianzia Kongowea. Nlikuwa nimesimamisha Probox nje ya lami napakia magunia ya viazi, akaja afande, akasema nimezuia njia. Nkamuuliza, njia ipi? Akasema mama usinifunze kazi, ukienda kortini ni elfu kumi, hapa tunaweza ongea. Akanitajia na bei yake kabisa, mbele ya yule mbeba magunia. Nkamwambia afande, nandikie, twende stesheni. Akacheka. Akaenda kuongea na simu, akarudi, akaniuliza kama sina haraka, viazi vyangu vitaoza. Hilo la viazi bado laniuma mpaka leo.

Kabla ya kuwasha gari nkatoa simu nkapiga picha. Tairi zote nne ziko mchangani, ganda la dafu liko chini ya bampa, na kati ya gari na lami kuna nafasi tuktuk inapita. Halafu nkasoma jina lake kifuani nkaliandika. Usimpigie kelele, usimtusi, mwombe tu jina na namba kama hazionekani, akiwa na sare zafaa zionekane.

Stesheni nkalipa dhamana ya pesa, nkakaa pale mpaka nkapewa risiti. Hapa watu wengi huibiwa kwa kutojua. Bondi yenyewe, yaani ahadi ya kufika kortini, hailipiwi, na ile dhamana ya pesa si faini, ni amana, kesi ikiisha unarudishiwa. Mtu akikupokea pesa asikupe risiti, hiyo si dhamana, unajua mwenyewe ni nini.

Siku ya kwanza kortini ndio niliona maajabu. Madereva wamejaa benchi, wanaitwa mmoja mmoja, "ni kweli", "ni kweli", "ni kweli", faini, wanatoka mbio kuwahi kazi. Wengine ukiwauliza nje wanakwambia hawakufanya kosa lolote. Mimi nkasema si kweli, mheshimiwa. Kisha nkaomba maelezo aliyoandika afande na ushahidi wote watakaotumia, manake Katiba ya Kenya ibara ya 50 inakupa haki ya kuupata mapema, na pia mkalimani bila malipo kama lugha ya korti huielewi. Kuna tarehe zikaahirishwa hapo katikati, hiyo haina hadithi.

Siku afande alipotoa ushahidi nkamuuliza maswali madogo tu. Gari ilikuwa upande wa kwenda Bombolulu ama upande wa kurudi Nyali Bridge? Akaangalia kitabu chake. Tairi zilikuwa kwenye lami ama mchangani? Akasema barabarani. Gari gani ilizuiwa isipite? Kimya. Picha hata sikufika kuzitoa, ingawa nlishazichapisha na kutayarisha cheti chake, kwa sababu Sheria ya Ushahidi kifungu cha 106B yataka cheti kwa ushahidi wa kielektroniki. Hakimu akasema sina kesi ya kujibu, yaani ushahidi wao hautoshi hata nianze kujitetea, nkaachiliwa. Nlitoka pale natembea kama nimeolewa upya.

Sasa kijana wangu wa Bamburi, sikiza. Polisi ana haki ya kukusimamisha na kutaka leseni, muonyeshe, usilete ujuaji hapo, kukosa kuibeba kwenyewe ni kosa la elfu moja. Kanuni za makosa madogo ya barabarani za 2016 zina bei zake: kutofunga mkanda 500, simu ukiendesha 2,000, kukosa laifseva (ile pembetatu ya kuonya gari likiharibika) 3,000, kuzuia njia 10,000. Zijue, manake afande anakutisha kwa ile bei usiyoijua. Ukikosa kweli, kubali ulipe kihalali upewe risiti. Hukukosa, kataa.

Ukikamatwa, ibara ya 49 ya Katiba yasema uambiwe kosa lako mara moja kwa lugha unayoielewa, una haki ya kunyamaza na ya kumpigia mtu wako, na ufikishwe kortini ndani ya saa 24. Lakini ujanja uko Ijumaa jioni, hizo saa zikiisha korti imefungwa basi wasubiri siku ya korti inayofuata, kwa hivyo dai bondi hapo hapo stesheni. Na kosa la faini tupu au kifungo kisichozidi miezi sita, hiyo ibara yasema usiwekwe rumande.

Na zile elfu mbili ulizotoa, mwanangu, Sheria ya Hongo ya 2016 inawashika nyote wawili, mtoaji na mpokeaji. Mnakuja hapa kulia trafiki wameharibika, na nyinyi ndio mnaowalisha kila asubuhi kuanzia Mtwapa mpaka Changamwe! Akikuomba, kuna namba ya simu 1551 ya EACC, tume ya kupambana na ufisadi, na akikudhulumu kuna 1559 ya IPOA, mamlaka huru ya kuwachunguza polisi, zote hazikati pesa. Mwataka nchi ibadilike na nyinyi hamtaki hata kuchelewa.

Mwengine kaniuliza kama dhamana nimerudishiwa. Bado. Nimejaza fomu, nimepeleka risiti halisi, nasubiri. Risiti yako itie plastiki, ikifutika wino utazungushwa.