Mwani na vigamba kwenye mguu wa injini ya boti

Ndugu, umesema boti yako inalala majini muda wote, na kila ukiinua mguu wa injini, ile sehemu ya nyuma inayoshuka majini na kubeba propela, unakuta mwani na vigamba vya viumbe wa baharini vimeujaa. Pole, kazi hiyo ya kukwangua naijua. Kosa langu lilikuwa kuupaka rangi ya kuzuia viumbe yenye madini ya shaba, iliyobaki nilipopaka bodi ya boti. Mguu ni wa alumini. Ikikutana na shaba kwenye maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Nilikuta vishimo chini ya rangi!

Tafuta rangi ya kuzuia viumbe iliyoandikwa kuwa ni ya alumini, uanze na praima, yaani rangi ya kwanza ya kushikiza. Vipande vya zinki vilivyofungwa kwenye mguu ili viliwe badala ya alumini usivipake kabisa, wala usizibe matundu ya kuingizia maji ya kupoza injini. Vigamba vichanga vikwangue kwa plastiki, si chuma. Mpira wenye mikunjo, ule unaozuia maji yasiingie botini pale mguu unapoungana na boti, ukipasuka, mwite fundi upesi. Hapo boti inaweza kuzama.