Re: Mama kakutwa na protini ya M, ni kansa ama?

Habari ndugu wa Arua, pole kwa presha. Umesema mama ana protini ya M (protini isiyo ya kawaida kwenye damu) gramu 9 kwa lita na kuna mtu kawaambia aanze kemo. Ngojeni kwanza. Angalieni hemoglobini, kalsiamu, kreatinini ya figo na mifupa, vikiwa sawa vyote, protini iko chini ya 30 na seli za plazma (zile zinazotengeneza protini za kinga) kwenye uboho hazifiki asilimia 10, hiyo ni MGUS, yaani protini ya M ipo bila kansa, siyo maieloma (kansa ya seli za plazma), hakuna kemo hapo, inafuatiliwa tu. Mzee wangu anayo, alirudia kupima damu baada ya miezi 6 halafu sasa kila mwaka, na shamba analima kama kawaida. Kwa wastani inageuka kuwa maieloma au ugonjwa wa jamii hiyo kwa mtu 1 kati ya 100 kwa mwaka. Ulizeni pia hiyo protini ni ya aina gani, IgG ama IgA, maana IgG chini ya 15 na minyororo myepesi (vipande vidogo vya protini za kinga, vinapimwa kwenye damu) iko sawa, sindano ya uboho mara nyingi wanaiacha (inauma hiyo!). Huo mgongo wake mnaosema unauma siwezi kuusemea kutoka huku, apigwe picha, nendeni Taasisi ya Kansa pale Mulago mwone daktari wa damu. Mkojo ukiwa na mapovu, miguu ikivimba au uzito ukishuka, msingoje tarehe ya kliniki.