Wakaguzi wameongezeka, maziwa bado yanaharibika

Swali: Mimi ni meneja wa ubora katika kiwanda cha maziwa. Pakiti zetu zinaharibika kabla ya tarehe ya mwisho wa matumizi, ingawa tumeongeza wakaguzi na kuwaonya wafanyakazi wa mashine ya kufungasha. Tumeshauriwa kutazama mfumo mzima. Tuanzie wapi?

Jibu: Fuateni maziwa ya siku moja kutoka kwa mfugaji hadi kwenye friji ya duka, mkiandika kila yanapobadilisha mikono ni saa ngapi, yana joto kiasi gani, na anayeyapokea hulipwa au hupimwa kwa kigezo kipi. Hilo la mwisho ndilo husahaulika. Dereva anayelipwa kwa lita atasubiri tangi lijae hata jua likiwa kali, ofisa ununuzi anayepimwa kwa wingi wa maziwa atamvumilia, na fundi wa zamu anayesukumwa na idara ya mauzo atafupisha usafishaji wa mabomba. Wote watakuwa wametimiza malengo yao.

Kupasha maziwa nyuzi 72 za selsiasi kwa sekunde 15 huua vimelea vya maradhi, lakini hakuondoi vimeng'enya vyote vilivyoachwa na bakteria katika maziwa ghafi, ambavyo huendelea kuyaharibu, wala hakuzuii bakteria waliobaki kwenye mashine ya kujazia kuingia katika pakiti. Mkaguzi anayetazama pakiti zikitoka hawezi kuyaona hayo. Isitoshe, malalamiko hufika siku kadhaa baadaye, hivyo zamu inayoonywa huenda siyo iliyohusika. Hifadhini sampuli za kila bechi kwenye friji na kuzipima hadi tarehe yake ipite.

W. Edwards Deming, mtaalamu wa Kimarekani wa usimamizi wa ubora, alikadiria kwamba asilimia 94 ya matatizo hutokana na mfumo, ambao ni jukumu la uongozi. Sisemi kiwanda chenu kina kiwango hichohicho, ila maonyo yenu yameelekezwa kwa watu wasio na uwezo wa kubadilisha lolote. Choreni chati ya udhibiti ya joto la maziwa yanapopokelewa, yaani grafu yenye mipaka ya juu na ya chini ya mabadiliko ya kawaida, aliyoibuni mhandisi Walter Shewhart mwaka 1924. Nukta ikitoka nje ya mipaka, tafuteni tukio mahususi, kama vile kipoza kilichoharibika. Zikibaki ndani na wastani bado uko juu, hakuna wa kuonywa. Utaratibu wa ukusanyaji ndio ubadilike.

Kifungu cha 4.4 cha ISO 9001:2015, kiwango cha kimataifa cha mifumo ya usimamizi wa ubora, kinataka mjue jinsi michakato inavyoathiriana, si kuchora visanduku na mishale ya kumfurahisha mkaguzi. Kwenu ningeanza na malipo ya dereva, yazingatie joto la maziwa pamoja na lita. Lita huenda zikapungua mwanzoni na ofisa ununuzi atapinga, kwa hiyo kigezo chake kibadilishwe siku hiyohiyo.