Kabla Hujatuma Sampuli za Kinyesi Kwenye Benki ya Nje

Kabla ya kuuliza friji, uliza lengo. Kama unataka kusoma DNA tu, kinyesi kilichotiwa ethanoli ya asilimia 95 kinatosha, na umeme ukikatika huna presha. Ila ethanoli inaua. Benki ya vijidudu kama Microbiota Vault, ambayo sampuli zake za awali zimehifadhiwa Zurich, Uswisi, inataka bakteria walio hai wanaoweza kuoteshwa tena baada ya miaka mingi.

Adui ni hewa. Bakteria Faecalibacterium prausnitzii, aliyejaa kwenye utumbo wa mtu mzima mwenye afya, hufa dakika chache tu baada ya kukutana na oksijeni. Kwa hiyo kimiminika cha kuhifadhia kiandaliwe mapema: PBS (maji ya chumvi yasiyobadilika uasidi kirahisi) yenye gliseroli asilimia 25 na resazurini kidogo, rangi inayoonyesha kama kuna oksijeni. Chemsha, pitisha gesi ya naitrojeni, tia sisteini asilimia 0.1 ya kuondoa oksijeni iliyobaki, funga kwa kizibo cha mpira, kisha ingiza kwenye otoklevu, mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke. Kikiwa hakina rangi, kiko sawa. Kikigeuka pinki, hewa imeingia; mwaga, usijaribu kukiokoa.

Gawa sampuli, ikishachanganywa na kimiminika hicho, kwenye vichupa vingi vya mililita 1, maana kila ukiyeyusha na kugandisha upya unapoteza walio hai. Lebo zibandikwe kabla ya kugandisha; kichupa kikishashika barafu hazikamati, na wino wa kalamu hufutwa na ethanoli. Kisha nyuzi 80 chini ya sifuri. Friji ya nyuzi 20 chini ya sifuri, hasa inayojiyeyusha barafu yenyewe, haifai: joto lake hupanda na kushuka kila siku.

Safari: vifungashio vya tabaka tatu vyenye alama ya UN3373 (sampuli za kibiolojia), na barafu kavu yenye alama yake, UN1845. Boksi la nje lisizibwe hadi hewa isipite. Gesi ya barafu kavu ikikosa pa kutokea, linapasuka. Tuma Jumatatu, na mkubaliane kwa maandishi nani ataongeza barafu mzigo ukikwama forodhani. Hukwama.

Vibali havikwepeki: NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa) kwa Tanzania, NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi) kwa Kenya, pamoja na mkataba wa kuhamisha sampuli. Usome mstari kwa mstari. Nani anaruhusiwa kuyeyusha? Anaweza kumpa mtu wa tatu? Dawa ikipatikana, mgawo ukoje? Kwenye Vault mwenye kuweka hubaki mmiliki. Usikubali pungufu ya hapo.

Nusu ya vichupa ibaki kwenye maabara yenu, na namba zifanane pande zote mbili. Mtoaji akijitoa, kila kichupa chake lazima kipatikane na kiteketezwe, huku na huko.