Ukiwa misheni, usimpe mkeo tarehe ya kurudi

Kila kikosi kina askari wa kalenda. Ameibandika juu ya kitanda, kila jioni anakata siku moja kwa kalamu nyekundu, na ukimwuliza zimebaki ngapi anakujibu kabla hujamaliza swali. Nimelala chumba kimoja na watu wa aina hiyo katika misheni ya kulinda amani. Zamu ya kurudi nyumbani ikichelewa, wao ndio wa kwanza kuvunjika moyo.

Na zamu huchelewa. Mara ndege haijapata kibali, mara makabidhiano ya magari na silaha yamekwama. Mwaka 2020, UVIKO-19 ulipoenea, Umoja wa Mataifa ulisitisha ubadilishanaji wa vikosi hadi tarehe 30 Juni. Kuna waliokuwa wameshafunga mabegi. Kwa hiyo mtajie mkeo kipindi, usimtajie siku. Isitoshe, safari ya kikosi haitangazwi kwenye simu. Ukimwambia yeye, atamwambia mama yake, na kesho yake habari iko kwenye kundi la WhatsApp la ukoo.

Hamu yenyewe usishindane nayo. Wapo wanaojikaza kwa kupunguza simu, wakidhani wasiposikia sauti ya mke moyo utatulia. Niliowaona hawakutulia, na wake zao walianza kuwazoea kama watu wa mbali.

Kinachoharibu simu nyingi ni kutaka kusema mapenzi ya miezi yote ndani ya dakika chache, huku mtandao unakatika na sauti inachelewa, mnaongea kwa pamoja kisha mnanyamaza kwa pamoja. Mimi na mke wangu tulijikuta tunazungumzia bomba linalovuja, fundi aliyechukua malipo ya awali akapotea, mtoto aliyeng'oka jino. Siku moja aliiweka simu mezani bila kuikata, akaendelea na shughuli zake. Nikasikia maji yakimiminwa kwenye ndoo, mlango ukibamizwa, yeye akimfokea mtoto aende kuoga. Sikusema neno, na usiku huo nililala vizuri.

Chagua saa inayomfaa yeye. Ujumbe wa sauti nao ni mzuri, atausikiliza akipata nafasi. Kabla ya kwenda doria mweleze mapema kwamba simu itazimwa, la sivyo atatafuta habari za eneo lenu mtandaoni, na atakayoyakuta yatamnyima usingizi. Mambo ya posho na nani anaamua nini, yamalizeni kabla hujaondoka.

Wengi wetu hatujiandai kwa kurudi kwenyewe. Nyumba unayoiwaza kule haipo tena. Mkeo ameiendesha bila wewe na ana utaratibu wake. Usiingie na amri za kambini. Wiki za mwanzo uliza kwanza kabla ya kuhamisha hata kiti, na ukikuta maamuzi yaliyofanywa bila wewe, mengi yaache yalivyo. Watoto wakikuonea haya, wape muda.

Wiki zikipita na bado usingizi hauji, unashtuka kila mlango unapogongwa, au hasira zinakupanda bila sababu, nenda ukamwone daktari mapema. Mwombe mkeo akusindikize na aingie naye ndani, kwa sababu anayejua unavyoweweseka usiku ni yeye.