Mbona hamhami? Majibu yangu kuhusu kukaa karibu na barafu hapa Juneau, Alaska

Jamani maswali yenu kwenye grupu la familia nimeyaona, toka ile video ya nyumba inaangukia mtoni ilivyorudi kusambaa simu yangu haijatulia. Mdogo wangu wa Mburahati kaandika "dada mbona hamhami, mnasubiri nini hapo?" halafu baba mdogo akaongezea kwamba nchi tajiri kama hiyo inashindwaje na maji ya mto mmoja. Nilitaka kujibu kwa voisi nikaona nitaishia kulia, bora niandike, na nitaandika hata yale ambayo siyaweki kwenye picha.

Kwanza ile nyumba sio yetu. Ile ni ya jumamosi Agosti 5 mwaka 2023, maji yalikula kingo ya mto mpaka nyumba ikakosa pa kukanyaga ikaenda. Sisi hatuko kingoni kabisa, na hilo ndilo lilitudanganya mwaka uliofuata, nitafika huko.

Picha nazotuma ni za kweli sijazipaka chochote. Tunakaa Mendenhall Valley, ni bonde nje kidogo ya mji wa Juneau ambao ndio makao makuu ya jimbo la Alaska. Ukifika mwisho wa mtaa wetu unaiona barafu imeshuka katikati ya milima, kama mto mzima ulioganda ukiwa safarini, urefu wake kama kilomita 21, na siku za mawingu ndio inakuwa ya bluu zaidi kuliko siku za jua. Sisi tuliokua tunaambiwa barafu iko juu Kilimanjaro, ukipita Moshi ukibahatika mawingu yakafunguka unaiona kwa mbali, hapa inashuka mpaka ziwani chini kabisa, karibu na usawa wa bahari. Na nyumba zetu ziko ndani ya msitu, sisemi miti ya kupanda uani, hapana, msitu ndio umezipisha nyumba. Ni sehemu ya huo msitu unaoitwa Tongass, msitu wa taifa mkubwa kuliko yote Marekani, miti mirefu ya aina ya misonobari mpaka shingo inauma ukitafuta kilele, na paa lako usipolisafisha miaka miwili linaota majani laini ya kijani kama zulia la msikitini. Asubuhi nikifungua mlango ile harufu ya miti iliyolowa, wallahi sijui niielezeje, imeniingia kifuani, hata nikifika Dar nitaitafuta.

Sasa mengine. Juneau haina barabara ya kutokea. Unaingia kwa ndege au kwa meli tu, gari unayo lakini barabara inafika mwisho msituni unageuza unarudi. Chakula karibu chote kinakuja kwa majahazi ya mizigo kutoka Seattle, bahari ikichafuka mboga dukani zinakuwa zimesinyaa na bei ile ile. Mvua ya huku sio kama masika inapiga inaacha, inadondoka taratibu siku kumi mfululizo hujaona jua, na Desemba jua linachomoza saa tatu kasorobo saa tisa na dakika chache limezama. Mimi kazi yangu ni kuhudumia wazee, naingia kiza natoka kiza, mwaka wa kwanza nilikuwa nakaa kwenye gari nje ya kazi nalia bila sababu, mzee mmoja niliyekuwa namuogesha ndiye aliniambia nenda ukanunue ile taa kali ya kukaa mbele yake asubuhi, nikanunua, ikasaidia. Upande wa pili wa hilo ni mwezi wa sita. Ramadhani yetu ya kwanza hapa, 2016, iliangukia Juni, jua linazama saa nne usiku na kabla ya saa kumi alfajiri limeshachomoza. Futari na daku vinagusana. Tulifunga, watoto walikuwa bado wadogo, na baba watoto alikuwa kwenye kazi ya kubeba mizigo.

Dubu ni kweli wapo, wale weusi, hilo shangazi aliuliza. Takataka haziruhusiwi kuwekwa nje usiku, unaweka baada ya saa kumi alfajiri siku ya gari la taka, na pipa liwe la kufungika. Baada ya Idi moja tulisahau mfuko wa mifupa ya mbuzi kwenye varanda, tukamkuta ameketi kabisa anakula, mkubwa kama sofa, anatuangalia kupitia kioo. Hakutufanya kitu. Ila toka siku hiyo watoto hawatoki nje bila kupiga makofi kwanza.

Na ile habari kwamba Alaska inalipa watu bure. Inalipa, ni mgao wa mfuko wa akiba wa jimbo unaotokana na mafuta ya petroli, kila mkazi aliyemaliza mwaka mzima wa kalenda anapata mara moja kwa mwaka, toka 1982 wanalipa. Mwaka 2024 ilikuwa dola 1,702, mwaka 2025 dola 1,000. Kwa mwaka, sio kwa mwezi, naomba mlielewe hilo maana kuna ndugu yetu alinikasirikia miezi mitatu kwa sababu ya hesabu hiyo. Mafuta ya kupasha nyumba joto yanaimeza kabla haijapoa.

Basi tuje kwenye maji yenyewe.

Baba mdogo uliuliza inashindikanaje. Sio mto unaofurika kwa mvua tu. Kule juu, pembeni ya hii barafu kubwa, kuna bonde kama beseni linaitwa Suicide Basin. Zamani lilikuwa limejaa barafu yake, ikayeyuka ikarudi nyuma ikaacha shimo. Sasa kila kiangazi maji ya mvua na ya barafu inayoyeyuka yanajikusanya humo, na kilichoyazuia ni ubavu wa ile barafu kubwa, yaani ni pipa la maji ambalo kizibo chake ni barafu. Maji yakifika kina fulani yanainyanyua barafu, yanapata njia chini yake, na njia ikishafunguka inazidi kupanuka, lile beseni linaweza kumwagika ndani ya siku moja au mbili, lote, linaingia ziwani halafu mtoni halafu kwetu. Ilianza 2011 na toka hapo imekuwa kila mwaka, ila miaka ya mwanzo yalikuwa yanapita watu wanaenda kuangalia kama sinema.

Agosti 2024 tulikuwa tumeshaona ya 2023 lakini tukasema sisi tuko mbali na mto, katikati kuna mitaa na miti. Usiku wa kuamkia tarehe 6 simu zinalia meseji za tahadhari, tukakaa macho. Saa tisa hivi nimesimama koridoni nikaona zulia limevimba katikati kama linapumua. Nyumba za huku chini ya sakafu kuna uwazi wa mtu kutambaa ndiko zinapita bomba na nyaya, maji yalikuwa yameshajaa huko chini ndio yanatafuta kupanda. Nilivyokanyaga lile zulia likatoa maji ya kijivu, rangi ya saruji, baridi ya kuuma mfupa. Baba watoto akabeba mdogo mgongoni, mimi mkoba wa vyeti na mkono wa mkubwa, tukatoka maji yanafika magotini na kule gizani unasikia miti inavunjika mtoni paa, paa, kama mtu anavunja kuni kubwa. Mto ulifika futi 15.99, karibu mita 5, na nyumba karibu 300 ziliharibika.

Tuliporudi friza ilikuwa imelala chali gereji, samaki tuliovua kiangazi chote wameenea kwenye tope. Lile tope ndilo linalonikaa kichwani. Ni unga wa mawe, barafu inasaga mwamba mpaka unakuwa laini kama unga wa ngano, unapangusa meza inang'aa, ikikauka kijivu kinarudi. Nimekikuta kwenye mashine ya kufulia, kwenye soketi, ndani ya mkunjo wa kanga ya mama ile ya marehemu mnayoijua, nimeifua mara nyingi sana bado ukiikung'uta inatoa vumbi.

Na bima. Huku bima ya kawaida ya nyumba hailipi mafuriko, ya mafuriko inanunuliwa peke yake na ukishanunua unangoja siku 30 ianze kufanya kazi. Aliyetuuzia bima alituambia kwa mtaa wetu haina haja. Tukaamini. Sakafu, kuta za chini, tanuru la kupasha joto, vyote tulirudishia kwa akiba na kwa majirani, kuna wanaume wa mtaani nilikuwa hata majina siyajui walikuja na nyundo na mapampu wakang'oa zulia letu kabla sisi hatujaweza kuongea.

Sasa mdogo wangu, mbona hatuhami. Nyumba tumenunua kwa mkopo, miaka 30, tumelipa kidogo. Nani atainunua leo kwa bei tuliyoinunulia? Na tukihama tunahamia wapi, mji umebanwa mlima na bahari, ardhi tambarare ndio hili bonde, ukienda kule mjini kati kuna mitaa iko chini ya milima inayoporomosha theluji na udongo. Kupanga nyumba kunasumbua hata ukiwa na hela. Kuondoka Alaska kabisa maana yake kazi zetu wote wawili, shule, na wale majirani.

Ngoja niseme kitu ambacho kimenikaa. Tukiwa Magomeni mimi nilikuwa napita Jangwani kila siku kwenda Kariakoo, na mafuriko ya Desemba 2011 yalipowakuta watu wa bonde la Msimbazi nilisema, tena kwa sauti, kwenye daladala, kwamba watu hawa wanaambiwa wahame hawasikii. Wakapelekwa Mabwepande, kule pembezoni kabisa mwa Dar, wengine wakarudi, nikasema si unaona. Sikuwahi kuuliza Mabwepande mtu atauza wapi vitumbua vyake. Sikuuliza yule mama chumba chake kimoja cha bondeni kilimchukua miaka mingapi. Ile asubuhi ya Agosti tumekaa ukumbi wa shule kwenye vitanda vya kukunja, mtu mmoja kaandika mtandaoni wapumbavu hao wanajenga karibu na mto, nilijisikia vibaya kwa sababu yale maneno niliyajua, yalikuwa yangu. Huku tuna bima, tuna meseji za tahadhari, kule juu kuna kamera inayofuatilia kina cha beseni, na bado hatuhami. Wale hawakuwa na hata kimoja.

Kwa hiyo tunafanyaje. Mwaka jana kabla ya Agosti kingo za mto ziliwekewa ukuta wa vikapu vikubwa vya waya vilivyojazwa mchanga, kama kilomita 4, kila nyumba iliyomo kwenye mpango inatakiwa ichangie zaidi ya dola elfu 6 kwa miaka kumi. Tuliguna, tukasaini. Tarehe 13 Agosti 2025 saa moja asubuhi mto ukafika futi 16.65, juu kuliko yote yaliyopimwa, na ukuta ukashika. Uani kwetu palikuwa na maji ya kuchuruzika tu. Nilisimama nje na jirani yangu mama wa Kifilipino tumeshikana mikono hatuongei. Wanazungumzia sasa kutoboa handaki kwenye mlima ili beseni liwe linatoa maji kidogo kidogo, hiyo ni kazi ya miaka na hela nyingi sana, na mpaka hapo ni vikapu na dua.

Mkubwa akimaliza sekondari, mwaka 2028, mimi na baba yao tumekubaliana tutakaa chini tuamue. Kabla ya hapo hatuendi. Bima ya mafuriko tumenunua, vyeti viko kwenye mfuko wa plastiki juu ya kabati, friza tumeipandisha kwenye matofali, na kuanzia Julai kila asubuhi kabla ya chai naangalia kina cha beseni kwenye simu kama vile nyie mnavyoangalia kama umeme upo.

Mdogo mtu ana miaka kumi na moja sasa. Mwaka jana mwishoni mwa Julai, jua limewaka, hakuna tahadhari yoyote, nimetoka kazini nikakuta mlangoni mabuti yamepangwa, yake, ya kaka yake, ya baba, yangu mwisho, na ndani ya buti langu kaichomeka ile kanga ya bibi yake, kaikunja vizuri, kaifunga kwenye mfuko.